Waliuza mwendo wa kasi, leo sisi tunalipa kiraka

Lubumbashi – Kuna deni ambalo hatukulikopa lakini tunalilipa kila asubuhi tunapowasha kompyuta. Mashine inachelewa kuamka. Faili inazunguka kabla ya kufunguka. Mteja aliyekuja kuchapisha barua ya kuomba kazi anangoja, na jenereta nje inakunywa mafuta. Ukimwita fundi atakuambia ni virusi, au atakuambia ni uzee. Pengine ni kweli. Lakini kuna sababu ya tatu ambayo haitajwi: sehemu ya mwendo wa mashine hiyo ilichukuliwa kwa makusudi, kwa kiraka kilichotumwa kufunika kosa la waliyoiunda.

Leo nataka tulizungumze jambo hilo bila kuzunguka. Msimamo wangu ni huu: aliyeuza kitu chenye kasoro ndiye anayepaswa kubeba gharama ya kukitengeneza. Katika habari hii ya prosesa, mambo yamepinduliwa. Waliokosea waliendelea kuuza, na mzigo ukamwangukia mwenye mashine ya zamani zaidi. Na mashine za zamani zaidi, ndugu zangu, ziko wapi kama si kwetu?

Kosa lenyewe ni lipi?

Tuanze na kosa, maana wengi wamelisikia kwa majina tu: Meltdown na Spectre. Yalitangazwa tarehe 3 Januari 2018.

Prosesa ni ubongo wa kompyuta. Inafanya mabilioni ya hatua kwa sekunde moja, lakini kumbukumbu inayoilisha data ni ya polepole mno ukilinganisha nayo. Ili ubongo huo usikae ukingoja, wahandisi waliufundisha kubahatisha. Unakisia kazi itakayofuata na kuianza kabla haujaambiwa. Ukikisia vizuri, muda umeokolewa. Ukikosea, unafuta kazi hiyo na kuendelea kana kwamba haikufanyika.

Mfikirieni mama mwenye restora pale Katuba. Kila siku saa sita kuna mteja anayekuja kula bukari na sombe. Mama amezoea, akimwona tu anavuka barabara, anapasha sombe kabla hajaagiza. Siku moja mteja anasema leo nataka wali na maharagwe. Mama anaiacha sombe jikoni. Hakuna aliyelipa, na katika daftari hakuna kilichoandikwa. Lakini sufuria ya sombe sasa ina moto. Dakika ileile akiingia mtu mwingine, akaagiza sombe na kuletewa haraka kuliko kawaida, atajua kwamba sufuria ile ilikuwa imekwisha guswa. Hakuchungulia jikoni, wala hakuambiwa na mtu. Ametazama saa yake tu.

Prosesa inafanya hivyohivyo. Inafuta hesabu iliyokosea, lakini data iliyoguswa inabaki katika kumbukumbu ndogo iliyo karibu nayo, kama ile sufuria yenye moto. Programu ya mwizi ikipima ni kitu gani kinajibu haraka na kipi kinachelewa, inaweza kukusanya, kipande baada ya kipande, yale isiyoruhusiwa kusoma: neno la siri, ufunguo wa benki, barua ya mtu.

Meltdown ilivunja ukuta kati ya programu za kawaida na kiini cha mfumo, mahali panapotunzwa siri zote za mashine. Watafiti walioigundua waliandika kwamba karibu kila prosesa ya Intel inayofanya kazi kwa mtindo huo tangu 1995 ingeweza kuwa na kosa hili. Spectre ilienda mbali zaidi. Iligusa Intel, AMD na ARM, na inaihadaa programu isiyo na hatia itoe siri zake yenyewe.

Waliogundua ni watu wanaojulikana: Jann Horn wa kikosi cha Google kiitwacho Project Zero, Paul Kocher, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz kule Austria, na wale wa kampuni ya Cyberus Technology ya Ujerumani. Heshima kwao, kwani walifanya kazi ambayo wenye viwanda walipaswa kuifanya tangu miaka ya nyuma.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha na kuliza. Simu nyingi za bei nafuu zenye prosesa ndogo kama Cortex-A53 au Cortex-A7 hazikuguswa na makosa haya. Kwa nini? Kwa sababu hazibahatishi kwa namna ile. Zinakwenda polepole, hatua kwa hatua. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Wahandisi walisoma mambo mengi, lakini hilo hawakulisikia.

Walijua, wakaendelea kuuza

Google iliipa Intel habari hii mwezi Juni 2017, na umma ukaambiwa Januari 2018. Miezi saba katikati.

Sisemi kwamba kunyamaza ni dhambi. Ukiona mlango wa jirani hauna kitasa, hupigi kelele sokoni kabla hajaweka kitasa. Ni desturi nzuri, na kampuni zilikuwa zimekubaliana kutangaza tarehe 9 Januari pamoja na dawa. Habari zikavuja kabla. Hadi hapo sina neno.

Neno langu ni hili: katika miezi hiyo saba, biashara haikusimama hata siku moja. Mwezi Oktoba 2017 Intel ilileta sokoni prosesa mpya za kizazi cha nane kwa kompyuta za mezani, zikisifiwa kwa mwendo wao, na zilikuwa na kosa lilelile. Mnunuzi alilipa bei kamili ya mwendo ambao muuzaji alijua utapunguzwa. Nasi kijijini tungeliitaje jambo hilo? Ukiuza ng'ombe unayejua ni mgonjwa, ukanyamaza hadi pesa ziingie mfukoni, wazee wanakuita chini ya mti.

Kuna zaidi. Mwezi Februari 2018, kampuni zilipoandika barua kujibu maswali ya wabunge wa Marekani, ilijulikana kwamba Intel haikuiambia ofisi ya serikali inayoshughulikia hatari za kompyuta, US-CERT, kabla habari hazijafika kwa umma. Ikiwa serikali yenye nguvu kuliko zote ilisoma habari pamoja na wasomaji wa magazeti, mwenye kibanda cha kuchapishia maandishi hapa Kampemba angeambiwa na nani?

Dawa iliyouma kuliko ugonjwa

Sasa tuje kwenye viraka. Msomaji ajue kwamba kosa la chuma haliondolewi kwa programu. Linafunikwa tu, na kifuniko kina uzito.

Kwa Meltdown, dawa ilikuwa kuhamisha nyumba. Zamani kiini cha mfumo kilikaa nyumba moja na programu, kati yao kukiwa na pazia. Ilipoonekana kwamba pazia linapitisha mwanga, kiini kilihamishiwa nyumba ya pili. Kuanzia siku hiyo, kila programu inapotaka kufungua faili, kuandika kwenye diski au kutuma kitu kwenye mtandao, ni lazima ivuke uwanja kwenda nyumba ile na kurudi. Prosesa za karibuni zina njia ya mkato inayopunguza safari hiyo. Nyingi za zamani hazina.

Hiyo ndiyo gharama iliyotarajiwa. Zile zisizotarajiwa nazo zilifuatana kama mvua ya Januari.

Kwanza, kiraka cha Microsoft cha tarehe 3 Januari 2018 kilizima kabisa baadhi ya kompyuta za zamani zenye prosesa za AMD. Zilikataa kuwaka. Siku chache baadaye Microsoft ikasimamisha kutuma kiraka hicho kwa mashine hizo. Na AMD, kumbukeni, haikuwa na Meltdown hata kidogo. Mtu asiye mgonjwa alipewa dawa, akalazwa.

Pili, baadhi ya programu za kuzuia virusi ziligongana na kiraka na kuiangusha mashine. Microsoft ikaweka sharti: kompyuta isiyo na alama inayoonyesha kwamba programu yake ya kuzuia virusi inapatana na kiraka haitapata sasisho la usalama la mwezi huo wala yatakayofuata. Sharti hilo lilidumu hadi lilipolegezwa miezi iliyofuata. Fikirieni kompyuta ya shule isiyo na programu hiyo, au yenye ile ambayo muda wake ulikwisha zamani. Ilibaki nje ya mlango, na hakuna aliyempigia mwalimu simu kumweleza.

Tatu, Intel yenyewe ilitoa sasisho la ndani ya prosesa kwa ajili ya Spectre. Kompyuta zikaanza kujizima na kujiwasha zenyewe, hasa zile za vizazi viitwavyo Haswell na Broadwell. Tarehe 22 Januari 2018 Intel iliwaambia watu waache kuliweka. Tarehe 27, Microsoft ikalazimika kutoa kiraka cha kuzima kiraka.

Nne, na hili ndilo lililoniudhi kuliko yote: viraka vya Windows 7 ya biti 64 vya Januari na Februari 2018 vilifungua tundu kubwa kuliko lile vilivyokuja kuziba. Mtafiti wa Sweden, Ulf Frisk, alionyesha kwamba programu yoyote kwenye mashine iliyowekewa viraka hivyo ingeweza kusoma kumbukumbu yote, na hata kuandika ndani yake, bila ujanja wowote. Meltdown ya kwanza ilikuwa ikiiba kilobaiti mia kadhaa kwa sekunde. Hii ilikwenda kwa gigabaiti. Microsoft ilitoa kiraka cha dharura tarehe 29 Machi 2018. Na Windows 7 ndiyo iliyokuwa kwenye meza za watu wasio na uwezo wa kununua mashine mpya.

Nani analipa?

Hapa ndipo shauri lenyewe lilipo. Gharama haikugawanywa sawa.

Si mimi ninayesema. Tarehe 9 Januari 2018, mkuu wa Windows wakati huo, Terry Myerson, aliandika wazi. Wenye Windows 10 na prosesa za kuanzia 2016 wangepoteza asilimia chini ya kumi, na wengi wao hawangegundua. Wenye Windows 10 na prosesa za 2015 kurudi nyuma, baadhi yao wangeona tofauti. Na wenye Windows 7 au 8 juu ya prosesa za zamani, wengi wao wangeona mashine imepungua mwendo. Someni tena ngazi hiyo kutoka juu hadi chini. Kadiri ulivyo na kidogo, ndivyo unavyochukuliwa zaidi.

Intel nayo ilichapisha vipimo vyake. Kizazi cha nane kilipoteza chini ya asilimia 6, na cha sita karibu asilimia 8. Jedwali lile lilikomea kizazi cha sita. Wenye mashine za nyuma ya hapo hawakupewa hata namba ya kulalamikia.

Kisha ukaja mwezi Aprili 2018. Intel ilitangaza kwamba baadhi ya prosesa zake hazitapata kamwe sasisho la aina moja ya Spectre. Zilikuwa zile za kati ya miaka ya 2007 na 2011, zenye majina ya ndani kama Penryn, Wolfdale, Yorkfield na Bloomfield. Miongoni mwa sababu ilizotoa, moja ilisema kwamba, kwa habari kutoka kwa wateja, nyingi kati ya hizo zinatumika katika mifumo iliyofungwa, isiyo wazi kwa hatari.

Mifumo iliyofungwa! Waje basi watembee nasi. Waingie katika siberi ambako watu thelathini wanakalia kiti kimoja kwa siku moja, kila mmoja na fulashi yake. Waone kibanda ambako mwanafunzi anachapisha kazi ya chuo, mjane anachapisha hati ya urithi, na mfanyabiashara anafungua barua za benki, wote juu ya mashine ileile ya okazio iliyopita Ulaya, ikapita Dar es Salaam, ikaingia kwa Kasumbalesa. Mteja waliyemuuliza kule hakuwa sisi. Kwenye daftari lao, mashine ile ilikufa siku ilipoondoka katika ofisi ya Ulaya. Kwetu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kazi.

Nikumbushe jambo moja ambalo Mkongomani hapaswi kulisahau. Januari 2014, katika maonyesho makubwa ya Las Vegas, mkuu wa Intel Brian Krzanich alisimama mbele ya dunia na kutangaza kwamba prosesa za kampuni yake hazitakuwa tena na madini ya vita kutoka Kongo na majirani zake: dhahabu, tantali, bati na tungsteni. Walikuwa wamefuata njia ya madini hadi kwenye viwanda vya kuyeyushia na kuvikagua. Ni kazi ngumu, na nilipenda kuisikia. Januari 2018, katika maonyesho yaleyale, mtu yuleyule alisimama kuzungumzia Meltdown na Spectre. Aliahidi kwamba ndani ya juma moja masasisho yatakuwa tayari kwa zaidi ya asilimia 90 ya prosesa zilizotolewa katika miaka mitano iliyopita.

Miaka mitano. Basi nauliza: kampuni inayoweza kufuata jiwe kutoka machimbo hadi kiwandani, inashindwaje kufuata prosesa yake yenyewe hadi kwenye meza ya shule ya Likasi? Jiwe letu lina ukoo na historia likiwa linakwenda kwao. Likirudi kwetu ndani ya mashine, linakuwa halina baba.

Watasema hivi

Najua majibu yao. Watasema hakuna kitu kilichoundwa na binadamu kisicho na kosa. Kweli. Lakini hatuzungumzii kuwepo kwa kosa. Tunazungumzia nani alipe.

Watasema viraka vilitolewa bure. Kiraka kinachopunguza mwendo wa kitu nilicholipia mwendo si cha bure. Ukinunua gunia la unga la kilo 25, kisha muuzaji akaja nyumbani kuchota kilo mbili akisema anaziba tundu la gunia, utamwambia asante? Tena kwetu kiraka kina bei ya pili: mega za kukipakua, na saa za umeme za kukiweka bila mashine kukatika katikati na kuharibika.

Watasema haiwezekani kubadilisha prosesa za dunia nzima. Hapa historia inawahukumu. Mwaka 1994, Thomas Nicely, profesa wa hisabati kule Virginia, aligundua kwamba prosesa ya Pentium inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Intel ilianza kwa kusema kosa hilo ni dogo, halimhusu mtu wa kawaida. Wanunuzi walikataa. Desemba mwaka uleule, Intel ikakubali kumbadilishia prosesa bure kila atakayetaka, na ikatenga dola milioni 475 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo inawezekana. Iliwezekana pale wanunuzi walipopiga kelele kwa pamoja.

Na watasema hayo ni ya zamani, yamekwisha. Hayajaisha. Agosti 2018 ilikuja Foreshadow. Mei 2019 ikaja ZombieLoad. Julai 2022 watafiti wa Zurich walionyesha Retbleed. Julai 2023 Tavis Ormandy wa Google alitangaza Zenbleed kwa prosesa za AMD. Agosti 2023 Daniel Moghimi alitangaza Downfall, inayogusa Intel za kizazi cha sita hadi cha kumi na moja, akionya kwamba kiraka chake kinaweza kupunguza mwendo wa baadhi ya kazi nzito hadi asilimia 50. Kila mara mzizi ni uleule wa kubahatisha na kuacha alama nyuma, na kila mara bili inakwenda kwa mnunuzi.

Juu ya hayo, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 rasmi inakataa karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kizazi cha nane! Kilekile kilichouzwa 2017 huku kosa likijulikana. Hicho ndicho kimefanywa mlango wa kuingilia, na walio nyuma yake wameambiwa wanunue upya.

Lakini tusijichome wenyewe

Sasa naomba niwageukie ndugu zangu mafundi, maana ukweli hauna upande mmoja. Kuna desturi imeingia mjini: mashine ikiletwa, fundi anazima masasisho yote moja kwa moja. Anasema yanakula mega na yanaifanya mashine kuwa nzito. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka.

Hasira hiyo naielewa, lakini ni sumu. Kiraka kibovu kinaua imani katika viraka vyote, na hilo ndilo dhara kubwa kuliko asilimia sita au nane. Kumbukeni WannaCry. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lile tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, virusi vilienea katika nchi zaidi ya mia moja, vikafunga faili za watu na kudai pesa. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani, na viwanda vya Renault vikasimama. Mashine nyingi zilizoanguka zilikuwa za Windows 7 zisizowekewa kiraka. Wizi wa namna ile hauhitaji elimu ya Graz. Unahitaji tu mlango ulioachwa wazi.

Meltdown na Spectre ni wizi wa fundi stadi; virusi vya fulashi na barua za uongo ni wizi wa kila siku. Anayezima masasisho yote kwa kuogopa uzito wa kiraka kimoja amemfungulia mwizi wa kila siku kwa sababu ya kumkasirikia tajiri wa mbali. Tajiri hataumia.

Kwa hiyo, mafundi, fanyeni kazi kwa kuchagua. Mashine inayoingia mtandaoni, hasa inayotumiwa na wengi, iwekewe viraka vyote, na kivinjari chake kwanza, maana programu za mtandaoni ndizo zinazoweza kuleta mwizi ndani bila mtu kubonyeza kitu. Pakueni mara moja kisha wekeni kwenye mashine nyingi, ili mega zisiliwe mara kumi. Hifadhini faili za mteja kabla, na msianze kazi hiyo siku ambayo umeme unacheza. Kuna programu ndogo ya bure ya Steve Gibson, iitwayo InSpectre, inayoonyesha kama mashine ya Windows imelindwa na Meltdown na Spectre na kama mwendo wake umeathirika. Itumieni kabla ya kusema ni virusi. Mashine iliyoachwa na Windows msiitupe: Linux inapokea nyingi za zamani na bado inazitumia viraka. Na ile ya kuchapia tu, isiyogusa mtandao wala fulashi za wageni, mwenyewe anaweza kuamua kwa akili yake kubaki na mwendo. Lakini aamue akijua, asiamuliwe.

Tunachodai

Wenye viwanda: muda wa kulinda prosesa uhesabiwe kwa miaka ambayo inafanya kazi, popote inapofanya kazi, si kwa miaka ambayo inang'aa dukani. Kiraka kitoke na namba yake: kitapunguza nini, kwa mashine gani, hata za zamani. Na mtu aliyelipia mwendo akapunguziwa arudishiwe kitu, kama 1994.

Mashirika yanayoleta kompyuta za okazio kwa shule zetu na kupiga picha za kukabidhi: kabla ya picha, tuambieni prosesa ni ya mwaka gani na masasisho yake yanakoma lini. Zawadi isiyoweza tena kulindwa ni takataka iliyosafirishwa kwa sherehe.

Viongozi wetu: mnapoandika mikataba ya kununua kompyuta kwa ofisi za serikali, wekeni mstari mmoja tu, kwamba muuzaji atatoa masasisho ya usalama kwa miaka kadhaa inayotajwa kwa namba. Mstari huo haugharimu hata faranga moja. Katika kompyuta hizo mmeweka majina yetu, viwanja vyetu na kodi zetu.

Nasi raia tuache kusema "ni uzee wa mashine" na kunyamaza. Swali la kumwuliza muuzaji ni rahisi: prosesa hii ni kizazi cha ngapi, na bado inapata viraka? Asiyejua kujibu, pesa zako zirudi mfukoni.

Madini yametoka hapa. Kobalti ya betri za mashine hizo inachimbwa Kolwezi, na bati linatoka Manono na Kivu. Hatuombi sadaka kwa kudai mashine iliyoundwa kwa jasho letu ilindwe hadi siku itakapokufa mikononi mwetu. Tunadai haki ya mnunuzi, na mnunuzi wa okazio ni mnunuzi.